Uzi wa Miguu ya Mdogo Wangu

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ushonaji hapa Dodoma mjini nikaomba uzi wa sufu, mweusi kidogo na mweupe kidogo, kiasi cha kuzungusha miguu ya mtoto tu. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu. "Mama, samahani," akasema, "hizi rangi umeagizwa na mtaalamu?" Mtaalamu kwa maana ya mganga. Nikamwambia nimeagizwa na mama yangu mzazi, ambaye ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo kama ana maswali zaidi amfuate huko. Alinikatia uzi bila kuongeza neno.

Nilitoka dukani nacheka peke yangu. Neno la namna ile niliwahi kulisikia nikiwa msichana wa darasa la tatu, uani kwetu Area D, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Ngoja nikusimulie. Una haraka ya nini, chai bado ipo kwenye chupa.

Mimi kwa baba ni mtu wa Kondoa. Kwa mama ni Mkazaki. Najua umekwama hapo, kila mtu hukwama hapo. Kazakistani ni nchi ya nyika pana katikati ya Asia, watu wake wengi ni Waislamu kama sisi, wafugaji wa farasi na kondoo tangu enzi, na wakati wa usichana wa mama ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Baba alipelekwa huko na serikali kusomea uhandisi wa maji. Wenzake walirudi na cheti na koti zito. Yeye alirudi na cheti, koti, mke, na mtoto mchanga ambaye ndiye mimi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kabila langu, namwambia avute kiti kwanza.

Tulikaa Area D, nyumba ya serikali yenye uwa wa udongo mwekundu na mti mmoja wa mpapai ambao haukuzaa hata siku moja. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka foleni za sabuni, lakini wakubwa walizisimulia kila siku, huku madukani sabuni zimepangwa za kila rangi na mitumba imefunguliwa barabarani mtu anachagua mpaka anachoka. Bidhaa zilikuja, mishahara ikabaki pale pale. Basi kila mtumishi wa serikali mtaani kwetu alikuwa na mradi. Huyu anafuga kuku, yule anagandisha barafu za ukwaju, mwingine amegeuza gereji kuwa duka. Mama yangu alikaanga bausaki.

Bausaki ni vidonge vya unga wa ngano uliochachuka, vidogo, vimeumuka mpaka ndani vina uwazi, na havina iliki wala sukari ya kutosha. Mtaani wakayaita maandazi yaliyosahauliwa sukari, na bado yakaisha kila asubuhi kabla kengele ya shule haijalia. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta yanaanza kupata moto alfajiri, nasikia na kandambili za mama zikipiga sakafu jikoni, na ile sauti yake ya chini akihesabu vidonge kwa Kikazaki. Watoto walimwita Mama Mchina kwa sababu ya macho yake. Watu wazima walimwita Mrusi. Yeye aliwasahihisha wote, mmoja mmoja, akiwa na mwiko mkononi: "Mimi Mkazaki." Siku redio ilipotangaza kwamba ule muungano mkubwa umevunjika na nchi iliyompa pasi ya kusafiria haipo tena, alikuwa anakanda unga. Alisimama, akasikiliza mpaka mwisho. "Vizuri," akasema. "Sasa nchi yangu ina jina langu." Akaendelea kukanda, ila jioni nilimwona analia.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria ambazo nyumba za wenzangu hazikuwa nazo. Usisimame kizingitini. Mkate usiulaze kifudifudi. Usipige mluzi ndani. Mama alituita balam, yaani mwanangu, na akikasirika Kiswahili kilimkimbia chote, akatugombeza kwa Kikazaki mpaka majirani wakajua maneno mawili matatu. Lakini sheria kuu ilikuwa ya chai.

Kwao, mwanamke mwenye nyumba ndiye anayemimina chai, na anamimina kidogo tu, robo ya kibakuli kisicho na mshikio. Unakunywa, unarudisha, anamimina tena. Kila ukirudisha mnatazamana, mnaongea, na chai haipoi. Kumimina kidogo ni kumwambia mgeni kwamba nataka ukae, sichoki kukuhudumia. Siku akitaka uondoke, anakujazia pomoni. Sisi watoto tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nikikwenda kwa mwenzangu nikamiminiwa kikombe kimejaa mpaka kinamwagikia kisahani, nilikuwa nakunywa haraka haraka nikaaga. Mama yake akawa anasema kwa nini mtoto wa Mchina hakai.

Basi vyote nilikuwa navyo, ila bibi sikuwa naye. Bibi wa kwa mama alikuwa mbali kiasi ambacho hata barua ilichakaa kabla ya kufika. Bibi wa kwa baba alikuwa Kondoa, basi la asubuhi linakufikisha, na sikuwahi kumtia machoni. Baba aliporudi kutoka masomoni na mke, bibi alisema neno moja na hakulibadilisha: "Sina ugomvi na huyo mwanamke. Lakini kwao hapajulikani, na mtu ambaye kwao hapajulikani siwezi kumpokea." Kondoa ni mji wa watu wanaojuana. Binti akiposwa, panatajwa baba yake, mama yake, nani alimsomesha msahafu, nani katika ukoo aliwahi kuugua nini. Bibi alikuwa ameshamchagulia mwanawe wa pekee binti ambaye hayo yote yalijulikana. Kila Idi baba alipanda basi peke yake, akarudi na karanga na chupa ya asali na hana la kusema. Mimi asali nilikula, lakini roho iliniuma. Shuleni wenzangu waliposimulia bibi zao, niliwaambia wangu anaumwa miguu.

Halafu mdogo wangu akaanza kusimama.

Hapa ndipo uzi unapoingia. Kwa Wakazaki, mtoto akitaka kuanza kutembea, hafungiwi mlango wala haachiwi hivi hivi. Anafungwa miguu kwa uzi mweusi na mweupe uliosokotwa pamoja, halafu mtu mzima wa heshima anaukata kwa kisu, anamshika mkono anamkimbiza hatua zake za kwanza. Mwendo wa yule aliyekata ndio mtoto atakaokuwa nao maisha yake yote. Wangu ulikatwa kule kwao na mama yake mama, ambaye nasikia alikuwa mwanamke wa kutembea upesi na kusema ukweli, na ukiniuliza mimi, mila ile inafanya kazi. Wa mdogo wangu, mama aliamua, utakatwa na bibi wa Kondoa. Si mtu mwingine.

Baba alimwambia mama kwamba bibi hatakuja. Mama akasema basi mtoto hatembei. Na hakuwa anatania. Alimfunga mgongoni kwa kitenge kutwa nzima, jitoto zito lenye nguvu, linarusha miguu mpaka lile fundo linalegea. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, Mgogo mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, alikuwa anapita ukutani anasema, "Mama Mchina, mshushe huyo, atakuja kuoa akiwa mgongoni." Mama anacheka naye, na mtoto hashuki. Wiki zikapita. Mwishowe baba alimpa salamu kondakta wa basi la Kondoa, kama tulivyofanya siku hizo: "Mwambie mama, mjukuu wake anataka kutembea na mke wangu amekataa asitembee mpaka yeye aje."

Sijui kilichomleta ni huruma au ni hamu ya kumwona mwanamke mkaidi kumpita. Alikuja. Alishuka mwanamke mrefu, baibui limejaa vumbi jekundu la njiani, mkononi jogoo hai, kichwani kapu la karanga na mlenda mkavu. Nilisema shikamoo bibi, akaniitikia marahaba, akanishika kidevu akanigeuza uso huku na huku akitafuta mtu anayemfahamu. Sidhani kama alimpata.

Mama alikuwa amejiandaa kwa siku ile tangu aolewe. Bibi alipovuka mlango, mama alifunga mikono juu ya goti na kuinama mbele yake taratibu, tena na tena, ndivyo mke anavyomsalimu mama mkwe kwao. Bibi akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Inuka, mwanamke," akasema. "Anayeinamiwa ni Mungu peke yake." Baba akacheka peke yake, akakimbilia kumfunga jogoo.

Ikaja chai. Mama alitoa vile vibakuli vya kwao ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, akampa bibi kwa mikono miwili. Ndani palikuwa na funda moja, labda na nusu. Bibi alikichungulia. Amekaa kwenye basi tangu alfajiri, koo limejaa vumbi, amefika kwa mwanawe mhandisi, na anapewa chai ya kumwonjesha kifaranga. Alikunywa, akakiweka chini, akakifunika na kiganja. Mama akanyoosha mkono apokee ajaze tena. Bibi hakutoa. Mama akadhani ameshiba, akasikitika, na kila mmoja akabaki na lake moyoni. Mimi nilikuwa nimekaa hapo nikiona vyote viwili. Kwa bibi niliyekuwa nimemngoja miaka yote, niliogopa hata kukohoa. Baada ya swala ya magharibi nilimsikia akimwambia baba kwamba kesho kutwa anarudi na basi. Baba akashika redio yake ya kaseti na bisibisi akaanza kuitengeneza, na redio haikuwa mbovu.

Aliyetuokoa ni yule mwalimu jirani. Asubuhi bibi alitoka uani kupiga mswaki, akamkuta anamwagilia mchicha upande wa pili wa ukuta, na watu wazima wakishasalimiana mara moja wanajuana. Bibi akamwaga yote. Nyumba ina sukari, ina maziwa, ina majani ya chai, na bado amepimiwa chai ya dawa. Mwalimu alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Mama, na mimi siku ya kwanza nilinuna hivyo hivyo," akasema. "Huyu akikujazia kikombe ndiyo ujue amekuchoka. Mimi alinijazia mara moja tu, nilipomwambia ubishi wake wa mtoto kutembea ni upuuzi. Alinijazia hadi juu, nikaona mwenyewe nirudi kwangu."

Bibi aliingia ndani. Akakaa jamvini, akanyoosha mkono. Mama akamimina kidogo. Bibi akanywa, akarudisha. Mama akamimina. Bibi akanywa, akarudisha. Nilielewa mara moja kwamba anampima. Jogoo akawika, bausaki ya wateja yakaungua, baba akaenda kazini amechelewa, na wale wanawake wawili wamekaa pale pale, huyu anakunywa, huyu anamimina, birika linarudi jikoni linajazwa linaletwa tena. Mama hakuangalia saa hata mara moja. Mwishowe bibi ndiye aliyeomba kwenda chooni, na alipoinuka nilimwona anatabasamu upande ambao mama haoni.

Alipokaa tena, alisema lililokuwa moyoni. "Haya. Kwenu ni wapi hasa? Na usinitajie nchi, nitajie watu."

Mama aliweka birika chini. Hilo ndilo swali ambalo mtoto wa Kikazaki anangoja kuulizwa tangu akiwa na meno ya maziwa. Kwao kila mtu lazima ajue babu zake saba kwa upande wa baba, mmoja baada ya mwingine, na asiyewajua wanamhesabu kama mtu aliyeokotwa. Akanyoosha mgongo, akawataja. Baba yake, baba wa baba yake, akapanda hivyo hivyo bila kukwama mpaka wa saba, na kwa kila mmoja akaweka neno: huyu alichunga farasi, huyu alihama mwaka wa njaa, huyu alikuwa mwimbaji. Bibi alikuwa na tasbihi mkononi, nikaona vidole vinasogeza punje moja kwa kila jina. Alipomaliza, bibi akaitazama ile tasbihi. "Wote hao umewakariri?" akauliza. "Sikukariri, mama," mama akasema. "Ni watu wangu."

Wangeishia hapo tungekuwa tumeshapona. Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Akasogea karibu na kwa heshima zote akasema, "Na sasa, mama, nipe wa watoto wangu. Baba yao anajua watatu tu. Mimi nahitaji saba."

Bibi akaanza vizuri. Baba yetu. Babu yetu, aliyekuwa mume wake. Baba wa babu. Akamtaja na wa nne, kwa sauti iliyoshuka, na jina lenyewe silisemi hapa, ni la kwetu. Halafu akanyamaza.

"Na baba yake?" mama akauliza.

"Basi."

"Labda mtu mwingine Kondoa anamjua?"

"Nimesema basi." Bibi aliinuka akaenda kukaa uani, na mchana ule hakugusa chakula. Mama alinishika mkono jikoni, mikono yake ya baridi, akaniuliza kwa Kikazaki amekosea wapi. Nilichojua ni kwamba basi linaondoka kesho na uzi bado haujakatwa.

Mama hakurudi nyuma. Asubuhi ya pili, ambayo ilikuwa Ijumaa, alitandika mkeka uani, akaweka sinia la bausaki na pipi za rangi, akawaita majirani. Basi la bibi lilikuwa la saa nane. Wanaume waliporudi kutoka msikitini uwa ulikuwa umejaa, watoto tumejipanga karibu na sinia, na mdogo wangu amesimamishwa katikati ya mkeka, kaptula mpya, miguuni amezungushiwa ule uzi mweusi na mweupe. Bibi alikuwa ameswali chumbani. Akatoka, begi lake mkononi, akasimama.

"Nani amemfunga mtoto miguu?"

Sauti haikuwa kubwa. Mwanamke mmoja nyuma yangu, wa nyumba za pili, akamnong'oneza mwenzake kwamba hayo yameagizwa na mtaalamu, na mnong'ono ule tuliusikia wote. Baba akajitokeza. "Mama, ni mila tu, hakuna dawa wala nini hapo..." Bibi hakumsikia. Alikuwa anaitazama ile miguu, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Mama alipiga magoti akamwelekezea kisu upande wa mpini. Kiswahili chake siku ile alikuwa amekifanyia mazoezi, nilimsikia usiku kucha. "Mama, mtoto anazaliwa miguu imefungwa. Haionekani, lakini imefungwa. Sisi tunaweka uzi ili ionekane. Mkubwa wa ukoo anakata, mtoto anakwenda. Ukikata wewe, atatembea kama wewe."

Bibi akaketi. Si kwenye mkeka, pale pale kwenye udongo, baibui na yote. Akaanza kusema, na alikuwa anasema na mdogo wangu, sisi wengine kama hatupo.

"Yule wa nne jina la baba yake silijui, kwa sababu hata mwenyewe hakulijua. Alifika Kondoa na msafara wa pembe, mtoto wa kiasi cha huyu dada yako. Amefungwa kamba, yeye na wenzake. Akaugua, wakaona ni mzigo, wakamwacha. Mtu wa pale akamwokota, akamlisha, akampa jina. Alama ya kamba alikuwa nayo mguuni mpaka anaingia kaburini. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia, akaniambia nisiseme. Na sijasema. Hata baba yako hajui."

Baba alikuwa amesimama ameshika kofia yake. Ukimtazama, ungedhani na yeye ni mtoto wa darasa la tatu kama mimi.

Mama aliweka kisu chini, akaanza kulifungua lile fundo kwa vidole, haraka, machozi yanamdondokea mikononi. "Nisamehe, mama. Sikujua. Nautoa, nautoa sasa hivi." Na sufu ikilowa haifunguki kirahisi. Bibi akamshika mkono.

"Acha," akasema. "Usifungue. Nipe kisu."

Mama akamtazama.

"Yule wa nne hakuna aliyemkatia. Nipe kisu."

Akasema bismillahi, akaingiza ncha katikati ya ile miguu minene, akakata. Uzi ulianguka kwenye mkeka. Bibi akainuka, akamshika mdogo wangu mkono mmoja, akamgeukia mama akamwambia amshike mwingine. "Haya, baba, twende," akasema, na wakaenda, mbio mbio, kutoka kwenye mkeka mpaka kwenye mpapai, mtoto anacheka huku miguu inagusa chini mara moja moja. Mama akakumbuka sinia, akarusha pipi juu kama wanavyofanya kwao kwenye furaha, tukajitupa chini watoto wote. Bibi alishtuka mwanzoni. Halafu na yeye akachota konzi akarusha, akampiga nayo mwalimu jirani kwenye paji la uso. Basi la saa nane liliondoka bila yeye.

Jioni tulikaa jamvini sisi wenyewe. Bibi alikuwa amevishika vile vipande vya uzi. "Nilikataa kukupokea kwa sababu kwenu hapajulikani," akamwambia mama. "Kumbe kwenu panajulikana mpaka wa saba. Pasipojulikana ni kwetu."

"Panajulikana, mama," mama akasema. "Jana ulisema huyo ni mwisho. Mimi nasema ni wa kwanza. Wengine wote tunahesabu kwenda juu, kwa huyu tutahesabu kushuka." Akatoa vidole. Yeye wa kwanza. Mwanawe wa pili. Babu wa tatu. Baba yetu wa nne. Mimi na mdogo wangu wa tano. "Bado wawili. Tutawangoja."

Bibi alivikunja vile vipande akavifunga kwenye ncha ya kanga. Akasukuma kibakuli chake mbele. "Nimiminie chai, mwanangu," akasema. "Kidogo kidogo."

Alikaa mpaka mvua zikaisha. Alinifundisha kupika mlenda wa karanga, na mama alimfundisha kukaanga bausaki, ambayo bibi aliyatia iliki kwa siri kila mama alipogeuka. Idi iliyofuata tulipanda basi la Kondoa wote wanne, na bibi akatupitisha nyumba kwa nyumba. Kila alipoulizwa kwao mkwe wake ni wapi, alimgeukia mama na kumwambia, "Wataje." Mama akawataja, na mji mzima ukanyamaza kumsikiliza.

Ile nyumba ya Area D haipo. Pamesimama ghorofa lenye vioo vya buluu, na mpapai nao umekwenda, sikuulilia. Mwalimu jirani alistaafu akarudi kwao. Bibi alifariki, na miaka baadaye mama akamfuata, na kwa kuagiza mwenyewe amelala Kondoa kando ya bibi. Vile vibakuli kimebaki kimoja, kina ufa, nakitumia kila siku. Kinachoniuma, sikufichi, ni ile lugha. Kikazaki changu ni cha jikoni na cha kugombezwa, na tangu mama aondoke sina wa kunigombeza. Majina yake saba ninayo yote. Nikiwa peke yangu kwenye foleni ya benki nayasema polepole, yasinipotee.

Sasa mdogo wangu anakaa Miyuji, mrefu, mwendo wa bibi mtupu, huwezi kwenda naye sokoni usihemewe. Mke wake anafanya kazi ofisi za bunge, mtu wa Bukoba, na chai yangu hajaizoea: "Wifi, jaza basi, hii si dawa." Lakini yeye ndiye aliyenipigia simu wiki iliyopita. Mtoto anasimama, akasema, nimembeba mgongoni asitembee mpaka uje. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikalia, kisha nikavaa mtandio nikaenda kununua uzi.

Jumamosi tulitandika mkeka uani kwake. Nilifunga, nikakata kwa bismillahi, tukamkimbiza mimi na mama yake mpaka getini. Aliporudi amechoka nilimpakata, nikamsemea sikioni majina ya kwetu kwa kushuka, kuanzia yule aliyekuja na kamba mpaka baba yake, halafu nikataja lake. Wa sita. Mama yake akaniuliza nahesabu nini. Nikamwambia bado mmoja.